Marejeo Ni Ngamani

Mlima wa Mazeras si mlima wa kutisha. Mtu wa Taita au wa Meru akipitishwa pale atauliza mlima wenyewe uko wapi. Lakini toka Miritini na pikipiki kongwe, begi la spana mgongoni, mtungi wa gesi ya friji umefungwa kwa mpira kwenye keria, na mbele yako lori la kontena linapanda kama mwenye kuumwa na goti. Hapo utajua injini yako ina nini katikati. Mwanzo wa mkono wa mafuta haukusaidii, na mwisho wake huufikii.

Mimi ni fundi wa friji. Nakaa Mikindani, na wateja wangu wametapakaa: wenye mabucha wa Kongowea, wauza samaki wa Majengo, maduka ya soda kuanzia Mazeras hadi Kaloleni. Kwa hiyo siku mbili tatu za kila wiki napanda huko juu. Pikipiki yangu ni Yamaha DT175 ya kupozwa na upepo, ya aina ile ambayo maafisa wa kilimo na watu wa miradi walikuwa wakizunguka nayo vijijini kabla bodaboda hazijajaa. Silinda yake ina upana wa milimita 66, pistoni hutembea milimita 50, jumla cc 171. Ni injini ya mipigo miwili, kwa lugha ya gereji tustroki. Watoto wa mtaani kwetu waiita Mbu.

Asiyeijua tustroki aelewe mambo mawili tu, maana yote niliyoyaharibu yalitokana na hayo. Haina vali juu ya silinda. Ukutani mwa silinda mna matundu, mafundi husema poti, mimi napenda kuyaita madirisha: dirisha la eksozi la kutolea moshi, na madirisha ya pembeni ya kupitisha hewa na petroli mbichi kutoka chini. Anayeyafungua na kuyafunga ni pistoni yenyewe inapopita. La pili, chumba cha krenki kule chini, krenki ni ule mhimili unaozungushwa na pistoni, si karai la oili kama kwenye gari, ni pampu. Pistoni ikipanda huvuta mchanganyiko kutoka kwa kabureta, ikishuka huusukuma juu kupitia yale madirisha ya pembeni. Chumba kile kikivuja, pampu imekufa, hata ungeweka pistoni ya dhahabu.

Niliinunua kwa mtu wa Limuru, ikaja kwa lori. Kule juu nilikuwa nimeijaribu mwenyewe kwenye barabara za majani chai, ikaenda sawa. Ilipofika kwetu ikaenda vizuri zaidi, au ndivyo nilivyodhani: nyepesi, kali, haina moshi. Siku ya nne nilikuwa Kibarani, wakati ule jaa la taka bado linafuka pembeni ya barabara, nimeifungulia mkono wote. Ikatoa sauti kama mtu aliyepaliwa, na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Nilibana klachi kabla sijajua nimebana. Pistoni ilikuwa imeshika, imeng'ang'ania ukutani mwa silinda kwa joto.

Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya petroli haba. Mwenye pikipiki wa kwanza alikuwa ameweka jeti ndogo kwenye kabureta, kile kitundu cha kupimia petroli, na wala hakukosea. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya hapa kwa karibu moja ya tano; petroli lazima nayo ipunguzwe. Sasa ishushe pikipiki ile ile hadi Kibarani, pale ambapo maji ya bahari unayaona kulia na kushoto. Hewa inaingia nzito, petroli ni ile ile ya Limuru. Mchanganyiko unakauka. Na mchanganyiko mkavu una hila yake: injini huwa nyepesi na tamu, yafurahisha, mpaka dakika inaposhika. Joto letu la pwani huipunguza hewa uzito kidogo, lakini si kiasi cha kufuta mita elfu mbili.

Jirani yangu alinishauri nizidishe oili kwenye petroli ili isishike tena. Ushauri huo nimeusikia mara nyingi tangu siku ile, na una kasoro ambayo watu hawaioni. Jeti ni kitundu. Haijui kipi ni oili na kipi ni petroli. Ukizidisha oili, petroli inayopita kwenye kitundu kile inapungua, na mchanganyiko unazidi kukauka. Nilibaki na oili moja kwa petroli thelathini, nikapandisha jeti kuu hatua tatu, na plagi ikaja na rangi ya biskuti.

Ningeishia hapo. Lakini silinda ilikuwa mezani, imekerezwa upya kwa pistoni iliyozidi kwa milimita 0.50, inang'aa, na mtu akiwa na silinda mezani usiku na tupa iko karibu, shetani naye huwa hayuko mbali. Nilikuwa nimesikia kwamba wanaotengeneza pikipiki za mashindano hupandisha juu dirisha la eksozi. Ni kweli, hupandisha. Basi na mimi nikapandisha, milimita tatu. Nikalipanua na kando. Nikanunua na kabureta ya milimita 30 badala ya Mikuni ya milimita 24 iliyokuja nayo, kwa hesabu ile ya walafi kwamba tundu kubwa lashibisha zaidi.

Nisiseme uongo: usiku, Nyali, barabara tupu, ilikuwa raha. Saa ya rivu, yaani mizunguko ya krenki kwa dakika, ikipita 7,500 ilikuwa kama mtu amekusukuma mgongoni. Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Kati ya 3,500 na 6,000 ilikuwa ikiguguma, ikikohoa, ikinywa petroli kama imetoka kufunga. Na mimi sifanyi kazi Nyali usiku. Wiki iliyofuata, Mazeras, nyuma ya lori, nilitia gia ya tatu ikafa. Nikarudi ya pili, ikapiga kelele mpaka watu wa kando ya barabara wakageuka. Ikanipita Boxer ya bodaboda iliyopakia mama mmoja na katoni tatu za mafuta ya kupikia. Yule mama alinitazama kwa huruma. Hata sikuwa na la kumwambia.

Kuna mzee mmoja Majengo, tangu ujana wake ametengeneza injini za mashua, zile za kufungwa nyuma, ambazo nyingi za zamani ni tustroki vilevile. Si ndugu yangu wa damu lakini namwita Ami, kama wanavyomwita wote. Nilimpelekea silinda imefungwa kwenye gazeti. Akatia kidole ndani ya dirisha, akakizungusha taratibu, akanirudishia.

"Umelipandisha kwa tupa."

"Ndiyo, Ami."

"Haya. Sasa lishushe kwa tupa."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniuliza pikipiki naiendesha wapi, na kwa mzigo gani, na muda mwingi saa ya rivu husoma ngapi. Swali hilo la mwisho sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimechonga injini kwa ajili ya rivu ambazo sizifikii ila mara moja kwa juma. "Mwanangu," akasema, "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wewe umekwenda omo. Rudi." Kwake yeye haikuwa methali ya kupamba maneno; tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama iko katikati, chini, panapokaa maji na uzito wote.

Kabla ya kushika chombo chochote alinitaka nipime. Sikuwa na gurudumu la kupimia digrii, kwa hiyo nilichukua kipimapembe cha plastiki kwenye seti ya hesabu ya binti yangu, nikakifunga kwenye ncha ya krenki upande wa magneto, kunakotoka umeme wa plagi, na waya wa nguo ukawa mshale. Ni nusu duara, lazima ukigeuze katikati ya kazi, lakini chasoma. Kilele cha pistoni hakipatikani kwa macho, kwa sababu kule juu pistoni hukaa kama imesimama huku krenki ikienda. Unaingiza bolti ndefu kwenye tundu la plagi iizuie pistoni, unazungusha krenki huku mpaka igonge, unaweka alama, unazungusha kule mpaka igonge, alama nyingine. Katikati ya alama mbili ndiyo kilele.

Dirisha langu la eksozi lilikuwa wazi kwa digrii 184 za mzunguko. Baadaye nilipopata silinda ambayo haijaguswa, nikasoma 170. Kwenye injini hii kila milimita moja ya tupa ni karibu digrii nne na nusu. Milimita tatu kwa macho ni kitu kidogo, lakini zilikuwa zimeigeuza injini ya shamba kuwa jamaa wa injini ya mbio.

Ami alinieleza hivi, nami naeleza kwa maneno yangu. Dirisha likiwa juu, moto unaoisukuma pistoni unaachiliwa mapema, kabla haujamaliza kusukuma. Pistoni ikirudi juu, dirisha linachelewa kufungwa, na mchanganyiko mbichi unatoka nao nje. Kwenye rivu za juu hakuna muda wa kutoka, na mawimbi ya eksozi yanaurudisha ndani, ndiyo maana kule juu ilinoga. Kwenye rivu za katikati muda upo tele, na petroli yangu ilikuwa ikienda moja kwa moja kwenye sailensa. Ile harufu ya petroli mbichi nyuma yangu Mazeras, niliyokuwa nikiilaumu kabureta, ilikuwa pesa yangu ikipita.

Silinda nyingine ilinichukua miezi mitatu kuipata, kwa wauza vyuma chakavu. Ilikuwa imelika lakini madirisha yake yalikuwa ya kiwandani. Nikaikerezesha ifuate pistoni niliyokuwa nayo. Mkerezaji aliifanya kazi yake safi, ila aliacha kingo za madirisha zikiwa kali kama wembe. Mimi nisingejua. Ami alipitisha ukucha mara moja tu akasema hapa ringi itavunjika kabla hujafika Changamwe. Ringi, ile pete inayozunguka pistoni, inapopita kwenye dirisha hujitokeza nje kidogo, na ikikuta ukingo mkali hunasa. Nilizipiga msasa kwa mkono, kona zote, jioni nzima. Hiyo ndiyo kazi ya tupa na msasa niliyotakiwa kuifanya mara ya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniaibisha zaidi kuliko ile tupa. Kazi yangu ya kila siku ni kutafuta mivujo. Mabomba ya friji, povu la sabuni, geji. Miaka kumi na zaidi. Na haikunijia hata siku moja kwamba pikipiki yangu yaweza kuvuja vilevile. Ami aliuliza, "Umeipima pumzi?" Nikasema nina geji nyumbani. Akaniambia geji zangu za friji ni za simba, hapa kunatakiwa ya paka. Kweli, presha ya kupimia chumba cha krenki ni ndogo mno, geji yangu haiwezi hata kuamka.

Dada yangu ni muuguzi. Nikaazima kwake mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya zamani ya kubinya kwa mkono. Inasoma hadi milimita 300 za zebaki, na hicho ndicho kiasi hasa kinachotakiwa. Nikaziba njia ya eksozi na ya kabureta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na vibati vilivyofungwa kwa bolti, nikapitisha mpira wa mashine, nikabinya hadi 300. Injini isiyovuja hubaki hapo dakika kadhaa bila kushuka sana. Yangu ilifika sifuri kabla sijahesabu ishirini. Nikapaka povu. Vipovu vikatoka kwenye sili ya krenki, ile pete ya kuzuia mvujo, upande wa magneto, vingi, kama chungu cha maharagwe. Nikakaa chini kwenye kigoda nikavitazama tu. Sili ile ilikuwa imekauka kama ngozi ya papa, na mahali inapokaa kwenye krenki palikuwa na kutu. Pwani hii chuma hakisamehewi.

Mvujo wa upande ule huingiza hewa ya wizi isiyopitia kabureta. Inaharibu hasa mchanganyiko wa mwanzo na wa katikati, pale mkono wa mafuta ukiwa haujafunguka sana. Nikijiuliza sasa, sijui Kibarani ilishika kwa jeti ya Limuru peke yake au sili nayo ilikuwa na mkono wake. Ukivuja upande wa pili, wa klachi, dalili ni tofauti: oili ya gia inanyonywa ndani, na moshi mweupe hauishi. Nilibadilisha sili zote mbili, nikasafisha kutu kwa msasa laini wenye oili, nikapima tena. Ikakaa. Kwa siku zile nilikuwa bado na kabureta kubwa na silinda iliyoharibiwa nimeirudishia kwa majaribio tu, na hata hivyo niliona tofauti kabla ya kugusa kitu kingine. Mpaka leo kijana akiniletea tustroki isiyovuta katikati, swali langu la kwanza ni la sili, na wengi hukasirika kwa sababu walikuja wakitaka kuchonga.

Ridi nilizitazama pia, zile ndimi nyembamba za bati zinazoruhusu hewa iingie na kuizuia isirudi. Moja ilikuwa imepasuka ncha. Ukizishika kwenye mwanga hazitakiwi kuonyesha ufa. Nikaweka mpya, sina zaidi la kusema juu yake.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni waya wa risasi, ule laini wa kuchomelea nyaya za redio. Unaukunja, unauingiza kupitia tundu la plagi hadi ukuta wa silinda, upande ule inakolala pini ya pistoni ili pistoni isiyumbe, unazungusha krenki ipite kileleni mara moja. Waya unatoka umebanwa, unapima unene wake kwa vernia. Huo ndio mwanya uliobaki kati ya pistoni na ukingo wa hedi, kifuniko cha silinda. Wangu ulikuwa milimita 1.8. Kwa injini ya ukubwa huu nilitaka iwe 1 na kitu kidogo, isishuke chini ya hapo, kwa maana chuma kikipata moto hutanuka na krenki kongwe ina ulegevu wake.

Mwanya ule si wa kubana tu. Pistoni inapokaribia kilele, mchanganyiko ulio ukingoni hufinywa ukakimbilia katikati, kwenye plagi, kwa fujo kubwa. Fujo hiyo huufanya moto usambae haraka. Mwanya ukiwa mpana, mchanganyiko wa ukingoni hulala tu pale, unachelewa kuungua, na ukipata joto sana hulipuka wenyewe, ndiyo ile sauti ya kunoki kama changarawe kwenye mkebe. Ajabu yake ni hii: watu huogopa kupunguza mwanya wakidhani injini itanoki, kumbe mwanya mpana ndio mara nyingi unaoleta kunoki. Niliweka gasketi ya chini nyembamba zaidi kwa 0.2, na mkerezaji akapunguza uso wa juu wa silinda kwa 0.5. Nikapima tena: 1.1. Gasketi nyembamba ilishusha silinda nzima, na dirisha la eksozi likapoteza karibu digrii moja. Safari hii lilikuwa linakwenda upande ninaoutaka.

Eksozi ya tustroki si bomba la kutolea moshi. Ni kipande cha injini. Dirisha likifunguka, wimbi la sauti hukimbia ndani ya bomba. Likifika panapotanuka, hurudisha mvuto unaosaidia kunyonya moshi. Likifika panaposinyaa mwishoni, hurudisha sukumo ambalo linaurudisha ndani mchanganyiko uliokuwa unatoroka, sekunde ya mwisho kabla dirisha halijafungwa. Aliyeifanyia kazi hii hadi ikawa elimu ni Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakiwa kwenye mashindano Sweden, na ujuzi ule akaenda nao Suzuki. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa cc 50. Ami, ambaye maisha yake yote ni mtu wa Suzuki, hupenda kuisikia hadithi hii, lakini hukunja uso nikifika kwenye neno kutoroka.

Wimbi lile huenda takriban mita 500 kwa sekunde kwenye moshi wa moto. Kwa rivu 6,500, dirisha langu la digrii 170 hukaa wazi milisekunde nne na kidogo. Katika muda huo wimbi liende hadi mwisho na kurudi, yaani mita moja na ushee kila upande. Ukitaka lifike kwa wakati kwenye rivu za chini, ambapo muda ni mrefu, urefushe bomba. Mimi kuchomelea kwa gesi ni kazi yangu, nikakata shingo ya eksozi nikaongeza kipande cha milimita 25. Nilitarajia miujiza. Kwa hesabu, kipande kile hushusha rivu kama 150 tu, na ndivyo nilivyohisi: kidogo, ukiwa mkweli.

Muujiza ulikuwa kwenye masizi. Nilipoikata eksozi ndiyo nikaona ndani. Miaka yote ile ya oili, hasa kwa maafisa wa kilimo waendao polepole, ilikuwa imejenga ukuta mweusi mgumu, na matundu ya ndani ya sailensa yamebaki kama macho ya sindano. Nikaiziba upande mmoja, nikaijaza maji ya kostiki soda usiku kucha, glavu mkononi na watoto nimewafungia ndani, maana kitu kile hula ngozi. Na kisiguse aluminiamu hata kidogo, kinaitafuna. Asubuhi ikamwagika tope jeusi. Niliipima kwa mizani ya muuza samaki kabla na baada. Ilikuwa imepungua zaidi ya nusu kilo.

Kabureta kubwa niliiuza, kwa hasara. Tundu pana linataka hewa nyingi ili hewa iende kasi. Kwenye rivu za katikati hewa ilikuwa ikipita pale kwa uvivu na petroli ikitoka kwa matone badala ya ukungu. Nikairudisha Mikuni ya 24. Kisha nikabandika utepe mweupe kwenye mpini na kuugawa robo nne kwa kalamu, ili nijue mkono uko wapi injini inapolalamika, badala ya kukisia. Kutoka robo ya kwanza hadi ya tatu anayetawala ni sindano ya kabureta, si jeti kuu, na hapo ndipo Mazeras yote ilipo. Watu hubadilisha jeti kuu wiki nzima wakitafuta tatizo lililo nusu ya mkono. Sindano ina mikato mitano na kipini kidogo. Kipini kikishuka, sindano yapanda na petroli yaongezeka. Nilikishusha mkato mmoja, ikaguguma ikitoka robo ya pili, kelele ya kupumua mara moja kila mizunguko miwili. Nikakirudisha. Nikajaribu na kuku wa mteja kwenye keria, bila kuku, asubuhi na mchana wa jua kali. Mwishowe kilikaa pale pale kilipokuwa kimewekwa na kiwanda, na nilicheka peke yangu kwenye kituo cha mafuta.

Ami alipanda nyuma yangu siku ya kuijaribu, kanzu ameikunja, kofia mkononi, kofia ya chuma amekataa katakata mpaka nikatishia kurudi. Chini ya mlima tukakuta lori. Gia ya tatu, rivu 3,800, nusu ya mkono. Ikavuta. Si kama ile ya Nyali ya kukurusha. Ilivuta kama punda aliyekubali, bila kelele, na tulipolipita lori nilikuwa bado sijafika robo ya tatu ya utepe wangu. Mbio za mwisho zimepungua, kilomita nane hivi kwa saa nikilinganisha na enzi za tupa. Kule juu Mazeras tulikunywa chai, na Ami akainama akatazama cheni.

"Sproketi ya mbele meno mangapi?"

Nikamwambia.

"Ungepunguza jino moja tu, ungepanda mlima huu tangu mwaka jana."

Nilinyamaza. Ni kweli, jino moja la mbele linaongeza mvuto bila kugusa injini, na bei yake haifiki hata ya gasketi zangu. Lisingeziba sili iliyovuja wala kutoa masizi, na ningekuwa bado natapika petroli barabarani, lakini mzee alikuwa na haki ya kuniuma kidogo, chai ilikuwa yangu. Baadaye nililipunguza na hilo.

Silinda niliyoiharibu iko dirishani kwenye karakana, naitumia kuwekea kalamu. Wiki iliyopita alikuja kijana wa Bombolulu na Yamaha RX100 ya babake, tustroki pia, safi sana, chromi yote iko, na tupa mpya imechomoza kwenye begi. Akaniomba nimpandishie dirisha la eksozi. Nikamwaga kalamu mezani, nikampa ile silinda apitishe kidole ndani, nikampa na kipimapembe, nikamwambia aende akapime yake, aniletee digrii, tena aje anieleze muda mwingi huendesha kwa rivu ngapi. Alikwenda amenuna. Kipimapembe hakijarudi, na binti yangu ana mtihani wa hesabu Jumatatu.